Muulize Kogo: Mbona Hadithi Haianzi?

Wiki hii barua zimeniangukia kama mvua ya saa nane, na karibu zote zina ugonjwa mmoja: riwaya za mashambani. Nimevaa miwani, maziwa ya mursik yako karibu. Tuanze.

*Chamgei Kogo. Mwalimu mmoja mstaafu aliniazima "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka". Wiki nzima nasoma, na watu bado wanalima, wanaamkiana, wanapika pombe ya ndizi. Hadithi inaanza lini? – Mwenye Haraka, Mogogosiek*

Mjukuu wangu, ilianza zamani, wewe ndiye hujafika. Huyo Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya masimango ya kukosa mtoto. Mume amemfuata, na wakwe wamemtoza pombe. Sasa wewe ukiruka namna pombe inavyopikwa, utajuaje anampenda kiasi gani? Huko Ukerewe, kisiwani hadithi inakotokea, mwanamume hakuimba chini ya dirisha. Alihangaika na ndizi mpaka zikawa pombe.

Tena ujue kitabu chenyewe kilivyosubiri. Aniceti Kitereza alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Mchapishaji hakupatikana. Mzee akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980. Miaka 35! Wewe mche wa chai unaungoja miaka mitatu hivi ndipo uchume, wala hulalamiki.

Dawa: soma unavyochuma, majani mawili na chipukizi. Ukipapia matawi na vijiti, unajua karani wa kituo cha kununulia majani atakufanyia nini.

*Kogo, nafanya kazi Nairobi. Kila usiku nilikuwa nikisoma riwaya za vijiji vya Uingereza, ng'ombe na malisho, mpaka machozi yananitoka kwa kuikumbuka Litein. Nikachukua likizo, nikaja na Thomas Hardy nimsome chini ya mti. Asubuhi ya kwanza mama akanikabidhi kikapu cha kuchumia chai. Hata ukurasa sijafungua. – Mwenye Kiu ya Shamba*

Mama yako amekufundisha Hardy kabla hujamfungua. Katika "Tess of the d'Urbervilles", ya mwaka 1891, yumo msichana maskini aliyeajiriwa kuchimbua mizizi ya kulisha mifugo kwenye shamba la mawe, mvua ikimpiga kutwa nzima. Mvishe aproni ya plastiki, mbebeshe kikapu, huyo ni jirani yako. Na "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, haikupigwa marufuku shuleni kwa kuusifu upepo wa ziwani. Kijiji chake kina baba mlevi na binti anayechapwa kwa sababu ya barua ya mvulana. Anayetafuta kijiji kisicho na shida anunue kalenda, apate na picha ya ng'ombe.

Dawa: chuma mpaka mvua ianze. Ikianza, rudi nyumbani ufungue kitabu kwa vidole hivyo hivyo vyenye weusi wa utomvu. Doa litakalobaki ukurasani ndilo alama yako ya kujua ulipofika, na wala halianguki kama kikaratasi.

*Kogo, mume wangu anasoma riwaya kuhusu mkulima hodari huku majani yetu yanakomaa shambani. – Mwenye Kukereka, Kapkatet*

Mwambie mkulima wa kitabuni atamkuta pale pale alipomwacha, lakini majani hayamngoji. Mkishachuma wote wawili, jioni asome kwa sauti nawe usikie. Si vyema nyumba moja iwe na mtu mmoja tu anayejua mwisho wa hadithi.

*Kogo, tumesoma Ukerewe, tumesoma Uingereza, tumesoma Ugikuyu. Sisi wa Bomet riwaya yetu ya majani chai iko wapi? – Mwenye Wivu, Silibwet*

Wivu wako nauelewa, maana hata kwenye rafu yangu haimo. Lakini angalia: Ngũgĩ wa Thiong'o alizaliwa Kamĩrĩthũ, Limuru, na huko chai ilipandwa tangu 1903. "The River Between" yake ya mwaka 1965, ambayo kwa Kiswahili ni "Njia Panda", inaanza na matuta mawili na mto katikati. Kwani wewe umekosa matuta? Umekosa mto? Yeye aliyatazama yale ambayo wengine waliyapita wakienda sokoni.

Basi nenda kituo cha kununulia majani, saa kumi na mbili jioni. Lori limekwama kwenye tope. Akina mama wameketi juu ya magunia. Mmoja anatia mkono ndani ya gunia lake na kuukuta moto, maana majani yaliyorundikwa huanza kuchemka. Anayapindua polepole asiyavunje. Mwingine anaitazama mizani, anamtazama karani, anasema kwa adabu kabisa: "Nyumbani zilikuwa kilo kumi na nne. Hapa ni kumi na mbili." Kijana wake anageuka upande, hataki kusikia, maana jana aliahidiwa kazi ya kuendesha mashine ya kuchuma, na hajamwambia mama.

Dawa: anza na hizo kilo mbili. Ukimaliza sura ya kwanza niletee pale kituoni. Nina nafasi ya kusoma, lori bado halijafika.