Ukuta Usio na Mwenyewe

Kwa Mkuu wa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani,
Wilaya ya Saint Paul, Minnesota.

YAH: PONGEZI KWA KUJENGA NA KUSAHAU

Barua hii inaletwa kwa heshima zote, ikiwa ni hati ya pongezi iliyochelewa kwa takriban miaka 150, kwa sababu ni nadra taasisi kuzika zege chini ya mto mkubwa, likaushikilia mto huo mahali pake, kisha ukabaki ubishi kuhusu ni mali ya nani.

Kudidimia kwa ardhi, yaani kushuka kwa uso wa nchi baada ya kilichouegemeza kuondolewa, hutajwa zaidi penye machimbo ya makaa ya mawe ya chini kwa chini, ambako wachimbaji huacha nguzo za makaa zishikilie dari, nguzo zikachakaa kwa miaka, dari ikaanguka, na aliyelala juu akaamka ana shimo uani. Minneapolis haina makaa. Ina mwamba wa chokaa uitwao Platteville, mgumu, uliolalia jiwe la mchanga liitwalo St. Peter, ambalo likipitiwa na maji huenda nayo kama sukari kwenye chai. Kwa sababu hiyo maporomoko ya mto huo, ambayo Wadakota huyaita Owámniyomni, yamekuwa yakirudi nyuma, kuelekea chimbuko la mto, kwa takriban miaka 12,000, mchanga ukiliwa chini na chokaa ikivunjika juu, bila kuhitaji msaada wa binadamu.

Msaada ulitolewa hata hivyo. Mwaka 1868 William Eastman na wenzake, waliotamani nguvu ya maji kwa ajili ya kisiwa cha Nicollet, walianza kuchimba handaki la futi sita kwa sita ndani ya mchanga huo, likipita chini ya kisiwa cha Hennepin. Na tarehe 5 Oktoba 1869, likiwa limefika karibu futi 2,000, mto ulijikaribisha ndani. Wakazi walimiminika wakitupa magogo, matawi na mawe katika shimo, na mto ukayameza yote. Mchimba makaa angalau hubaki na makaa ya kuuza, ilhali bidhaa iliyotafutwa hapa ilikuwa uwazi mtupu, nao ukapatikana zaidi kuliko ulivyoagizwa.

Kikosi ndicho kilichookoa jahazi. Kati ya 1874 na 1876 kilijenga chini ya ile chokaa, ukingo hadi ukingo, ukuta wa zege wenye urefu wa futi 1,850 na kina cha futi 40, ili maji yasipate tena njia ya uficho. Fedha za serikali kuu zilichanganyika na za wenyeji katika kazi ya kuyanusuru maporomoko, na huenda ndipo kizungumkuti kilipoanzia, kwa kuwa kila aliyechangia ana wa kumnyooshea kidole. Hoja kwamba kujenga si kumiliki ina mvuto wake, lakini wahenga waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakufikiria mali yenye urefu wa zaidi ya nusu kilomita. Ilibidi Bunge la Minnesota, mwaka 2023, litenge fedha ili Chuo Kikuu cha Minnesota kiuchunguze ukuta huo.

Haiwezi kudaiwa kwamba kumbukumbu za Kikosi ni mbovu. Juni 2015, kwa amri ya Kongresi, lango la juu la kupandishia vyombo, lililo papo hapo kwenye maporomoko, lilifungwa ili samaki wa jamii ya karpu kutoka Asia wasipande mto. Yaani ilijulikana lango ni la nani, ufunguo uko wapi, na hata samaki gani hakaribishwi. Ukuta unaoyashikilia maji yanayotuama juu ya maporomoko haukubahatika hivyo, ingawa ni huko juu, Fridley, majiji yote mawili, Minneapolis na Saint Paul, yanakochota maji ya kunywa, na mpangaji wa mtaa wa Cedar-Riverside anayeteka maji ya ugali bombani ana haki ya kuuliza usawa wa mto utakuwa wapi siku ukuta utakapochoka.

Kinachoombwa ni kidogo: jina moja kwenye daftari, safu ya mmiliki. Likikosekana kabisa, liandikwe la Mtakatifu Antonio wa Padua, ambaye padre Hennepin aliyapa maporomoko haya jina lake mwaka 1680, na ambaye Wakatoliki humwomba awatafutie vitu vilivyopotea.