Linapiga Stata, Haliwaki

Gari likikuzimikia barabarani Dar es Salaam, hukai dakika tano peke yako. Pale Ubungo, foleni ya jioni ikinipigia honi kwa nyuma, wa kwanza kunifikia alikuwa kijana wa bodaboda. "Dada, hiyo ni plagi." Boneti ilikuwa bado imefungwa. Akafuata muuza karanga, yeye akasema betri. Na hapo stata ilikuwa inazungusha injini kwa nguvu hadi dashibodi inatetemeka. Betri iliyokwisha haina ubavu huo, hutoa mlio wa tik-tik ikanyamaza. Dereva wa daladala, aliyekuwa ameegesha vibaya kuliko mimi, akaniuliza kwa huruma ya msibani: "Mafuta ulijaza sheli gani?"

Kisha wakajitokeza wanaume wa kusukuma. Nikawaeleza kwamba gari ni la otomatiki, haliwaki kwa kusukumwa hata wakilifikisha Kimara. Wakasukuma. Mwanaume akishakunja mikono ya shati, humrudishi nyuma kwa hoja.

Baada ya muda, jasho likiwa limewakauka, nikazungusha ufunguo na gari likawaka kama halijawahi kuumwa. Hapo kila mtu akadai ushindi. Wa bodaboda akasema plagi imejisafisha. Waliosukuma wakaomba maji ya kunywa, na hawakumaanisha maji.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi gari zima. Likishapata joto na foleni, linazima ghafla, linapiga stata lakini haliwaki. Ukiliacha lipoe, linawaka. Gereji ya karibu na nyumbani kwangu waliupenda sana ugonjwa huu. Wakabadilisha plagi, gari likawaka, nikalipa. Likazima tena, wakabadilisha waya za plagi, likawaka, nikalipa. Ikafuata rota, ikafuata kifuniko cha distributa. Gari linalozimika kwa joto hufika gereji kwa kukokotwa, na linapongoja foleni ya fundi linapoa. Likishapoa, hata ukibadilisha kapeti litawaka. Kwa hiyo kila kilichobadilishwa kilipata sifa ya kuponya, nami nikawa najaza buti vipuri vya zamani ambavyo moyo ulikataa kuvitupa.

Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja wa Ilala, fundi umeme wa magari, anayefanya kazi chini ya mwembe na boksi moja la vifaa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Sasa hivi linawaka?"

"Linawaka."

"Basi sina cha kutengeneza. Tukatembee."

Akapanda mbele na ndoo yake ndogo ya maji, nisijue ya nini, na kijana wake wa kazi akapanda nyuma. Tukazunguka jua la saa saba, kiyoyozi kimezimwa kwa amri yake, hadi gari likazima karibu na Tazara. Mzee akatabasamu. Ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akifurahi gari kuzimika Tazara.

Akachomoa waya mmoja wa plagi, akachomekea plagi ya akiba, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kuniambia nipige stata. Moto mzuri huruka wa buluu, na unausikia ukilia ta-ta-ta. Hapa hakukuwa na hata cheche. Kijana wake akataka kuushika ule waya kwa vidole ili ahakikishe, mzee akampiga kofi mkononi: koili huzipokea volti 12 za betri na kuzipandisha kupita 20,000, na siku moto ukirudi, haumuulizi mtu anaitwa nani.

Kisha akatoa testa, ile ya taa na mdomo mkali. Akaigusisha upande wa chanya wa koili, swichi ikiwa imewashwa: taa ikawaka, maana umeme unafika. Akahamia upande wa hasi, nikapiga stata: taa ikakonyeza-konyeza. Maana yake kile kifaa kinachoukata na kuurudisha umeme wa koili kinafanya kazi yake. Umeme unaingia, unakatwa kwa wakati wake, lakini moto hautoki. "Aliyebaki ni nani?" akamuuliza kijana, kama hakimu anayelijua jibu.

Hapo ndipo ndoo ilipoitwa. Akalowesha kitambaa, akakikamua vizuri, akaivika koili tumboni, mbali na mdomo wa waya mkubwa. Tukangoja kidogo. "Piga." Likawaka.

Ndani ya koili kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, umezungushwa maelfu ya mara. Wa kwangu, alisema mzee, ulikuwa umekatika mahali: ukiwa baridi ncha zinagusana, ukipata joto zinaachana. Alipopima kwa mita tuliporudi, koili ya baridi ilisoma vizuri. Alipoipasha moto, mita ikaonyesha njia imekatika. Akaniambia ningeweza kubadilisha plagi hadi mjukuu wangu amalize chuo.

Koili ya mtumba ilipatikana Gerezani, baada ya muuzaji kuapa kwamba imetoka Japani juzi na mzee kumwambia kwamba hata yeye mzee alizaliwa juzi. Aliipima baridi, akaipima ya moto, ndipo akaniruhusu nitoe pesa.

Wakati wa kuagana akaona yaliyomo kwenye buti langu: plagi, waya, rota, kifuniko, vyote havina kosa. Akaniuliza navifanyia nini. Nikasema sijui. Akanipunguzia ufundi, akavichukua vyote, na kabla sijageuza gari kijana wake alikuwa ameshaanza kuvifunga kwenye gari la mteja aliyekuwa ananisubiri nitoke kivulini.