Msuli Umekwenda na Bamvua

Idi na bamvua huongozana. Mwezi ukiandama watu wa Ngamiani hufungua, na siku moja au mbili baadaye bahari ya Tanga hujaa pomoni, kisha hupwa mpaka mashua zikalala ubavu. Kati ya kujaa na kupwa maji hushuka mita 3 hivi. Mvuvi wa Sahare anayajua hayo tangu utotoni. Sisi wa barabara za namba, tunaoiona bahari Idi hadi Idi, hufundishwa na maji yenyewe.

Idi Pili, basi, Ngamiani huhamia Raskazone, na kila mtu huingia majini na nguo zake. Akina mama huingia na madera, yakajaa upepo na kuelea kama maandazi kwenye karai. Vijana huingia na jinzi, wakatoka zikiwa zimebeba nusu ya bahari. Watoto wadogo tu ndio huoga kama walivyozaliwa. Mimi niliingia na msuli.

Wimbi la kwanza liliulegeza, la pili likauchukua. Niliuona ukielekea Kisiwa cha Toten, umejitandaza, hauna wasiwasi.

“Mkwe wangu, toka basi, pilau linapoa!” mama mkwe akaita kutoka mkekani.

“Shikamoo mama! Nakuja!”

“Marahaba. Njoo basi.”

“Nakuja!”

Maji yalikuwa shingoni. Ilipopita saa kumi na moja yakaanza kupwa, yakafika kifuani. Nikarudi nyuma, yakapanda shingoni. Yakapwa tena, nikayafuata tena. Hapo ndipo mweka hazina wa chama chetu cha kuzikana akanifuata akipiga maji, akasimama ubavuni kwangu na kuulizia mchango wa mwezi. “Mfukoni hukosi chochote,” akasema.

Katika dhiki ile niliwakumbuka Wajerumani. Mwaka 1893 walianza kujenga reli hapa Tanga. Mwaka 1907 kwao wakafungua ufuko wa kuogelea wa Wannsee, pembeni ya Berlin, ambao una sehemu ya watu kuota jua bila uzi mwilini. Sisi wakatuachia reli. Hata wangetuletea na ufuko, ungetushinda. Dar es Salaam, mwaka 1969, Operesheni Vijana ilihitaji vijana wa TANU kuwasaka wenye sketi fupi. Raskazone anatosha mama mkwe mmoja. Kule mtu huvua nguo mbele ya wasiomjua. Huku hata ukizama mpaka kidevuni, hukosi wa kukuamkia na kuuliza kama watoto hawajambo.

Maghrib ikaadhiniwa, mikeka ikakunjwa, mama mkwe akaondoka na sufuria lake. Mpwa wangu, aliyekuwa ameanza kushuku, akaniletea dera la mama yake, la maua makubwa. Nikasimamisha bajaji.

“Wapi, mama?” dereva akauliza.

“Barabara ya Kumi na Mbili,” nikajibu kwa sauti niliyopewa na Mungu. Hakusema neno tena mpaka tulipofika.

Asubuhi mtaa mzima ulikuwa na habari zangu, ila si nilizoziogopa. Mama mkwe alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akinisifu: mkwe wake ana pumzi ya papa, tangu alasiri hadi Maghrib hakugusa nchi kavu. Ameshawaandikisha watoto kumi na mmoja. Idi ijayo nawafundisha kuogelea.