Sifa za Ukoko wa Birika

Wako waliosifu simba, wako waliosifu dhahabu, na hapa Ufipa harusi haiishi bila mzee mmoja kusimama na kusifu mahindi. Ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika haujawahi kupata hata mlevi wa kuusifu. Leo nasimama mimi.

Tuanze na mashtaka, maana sifa za mtu hazinogi mpaka kesi yake isikike. Nyumbani kwangu Sumbawanga tunatumia maji ya kisima kirefu, ambayo mama watoto huyaita ya chumvi ingawa hayaungi mboga. Yanakula sabuni: utasugua shati mpaka kipande kiishe, povu hujaliona. Maharage ndiyo usiseme. Ufipa ni nchi ya maharage, na aibu ya mpishi wa huku ni maharage yanayogonga sahani. Kalsiamu iliyo kwenye maji hayo inaikaza ngozi ya punje, mkaa unateketea, watoto wanasinzia na sahani mkononi. Na birika la umeme limevaa koti jeupe kwa ndani, linachemka kwa kunung'unika kama lori linalopanda mlima kutoka Muze.

Mshtakiwa hakani lolote. Sasa msikilizeni wakili wake.

Shemeji yangu anaishi Hamburg, na sebuleni kwake amefuga bahari: matumbawe hai, kwenye tangi la kioo, katika jiji ambalo miezi mingi ya mwaka mtu hutoka na koti. Nilidhani kazi yake ni kulisha samaki. Kumbe anachofuga hasa ni maji. Kila Jumamosi anayapima: chumvi gramu 35 kwa kilo moja ya maji, kalsiamu miligramu 420 hivi kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, kisha ualkali, yaani akiba ya maji ya kukabili asidi. Tumbawe linajenga mifupa yake kwa kuchota kalsiamu na kabonati majini, na ndani ya kioo hakuna Bahari ya Hindi ya kufidia. Basi shemeji ananunua. Chupa moja ni ya kalsiamu, ya pili ni ya soda, na anazitia kidogo kidogo, kila moja kwa saa yake. Ukizikutanisha kwa pupa maji yanageuka maziwa, na maziwa hayo yanaganda kwenye hita na pampu. Alinitumia picha ya hita iliyoharibika hivyo. Nikaikuza, nikacheka peke yangu: ukoko wa birika langu, umefika Ulaya kabla yangu.

Ni ule ule, kalsiamu kabonati. Kwenye birika moto unaifukuza kabonidayoksaidi, chokaa inakosa kwa kujificha, inaganda. Tena kwenye maji ya moto mara nyingi inaganda kwa umbo la aragonaiti, na hiyo aragonaiti ndiyo mifupa ya tumbawe. Tunachokwangua kwa kijiko, mwenzetu anakitafuta kwa mizani. Jumba la Husuni Kubwa la Kilwa, la karne ya 14, lilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, pamoja na enzi yake yote, alilala ndani ya ukoko. Na ulizeni walaji wa tambuu wa pwani kama jani lina utamu wowote bila chokaa.

Mwaka jana shemeji alikuja likizo Sumbawanga. Jina la mji huu linamwagiza mgeni atupe uchawi wake. Yeye aliingia na vichupa kumi na viwili, mabomba ya sindano na unga wa rangi. Alipovipanga barazani, jirani yangu alitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama mgeni anapokea wagonjwa.

Alikuwa anapima maji. Ya bahari, alisema, yanahitaji matone 7 au 8 ya dawa yake mpaka yageuke kutoka bluu kuwa manjano. Tulikuwa na dumu la maji ya Ziwa Tanganyika kutoka Kasanga. Akadondosha saba, nane, kumi. Bluu. Kumi na nne. Bluu. La kumi na nane ndipo yakageuka. Ziwa tunaloliita la maji baridi, tunaoga humo bila kufikiri, lina akiba ya alkali zaidi ya mara mbili ya bahari! Akaniambia wako Wajerumani wanaofuga samaki wa ziwa hilo, na wanawaita kwa vijiji vyao: Tropheus wa Kasanga, Tropheus wa Ikola. Wananunua chumvi za pakiti ili maji ya bomba yajifanye Kasanga.

Ile soda ya chupa ya pili nayo nilikuwa naifahamu. Mama mkwe wangu hutia magadi kwenye maharage, na magadi yanayapokonya maji kalsiamu. Hajawahi kununua kichupa.

Upande wa pili wa uwanda, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, liko tangi ambalo hakuna anayelibadilishia maji. Ziwa Rukwa linapokea Momba, Songwe na wenzao, na halina mto unaotoka. Jua linachukua maji, linaacha chumvi na magadi. Mfugaji mpya wa matumbawe hukosea hapo hapo: maji yakipungua tangini, chumvi haijaenda popote, na akijazia kwa maji ya chumvi anaua. Rukwa linaishi ndani ya kosa hilo. Mwaka 1929 lilinywea hadi kilomita 50 hivi za urefu, miaka kumi baadaye likapita 120, na perege wake wa asili ya huko huko bado yupo. Shemeji, chumvi ikipanda gramu mbili, halali.

Siku ya mwisho alikuja jikoni kwa heshima, kama mtu anayeingia ziarani, akaomba kipande cha ukoko akapeleke Hamburg, akiweke juu ya kabati karibu na tangi. Dada yake alikuwa anamenya vitunguu.

"Jamani kaka, si ungesema jana! Nimelichemsha birika na ndimu tangu alfajiri. Likawa linachemka povu hilo, hata sabuni haijawahi."

Akafunua kifuniko, akachungulia. Chini kulikuwa kumetakata kama sarafu mpya. Tukanywa chai ya maziwa yenye harufu ya ndimu, na yamekatika vipande vipande.