Jinsi ya Kupunguza Sukari Bila Kuvunja Undugu

Anza na chupa ya chai. Kikombe kiache kwanza, shughulika na chupa. Katika nyumba nyingi za kwetu, Tanga mpaka Mwanza, mnywaji hatii sukari kikombeni. Mpishi ndiye anayeitia sufuriani, alfajiri, wewe bado uko usingizini. Maji yakichemka yanaingia majani, linafuata bakuli la sukari, chai inakorogwa, inachujwa, inamiminwa kwenye chupa, kifuniko kinakazwa. Ukija kukaa mezani mambo yamekwisha kuamuliwa. Hata kama jana usiku ulikula yamini kwamba sukari basi, chai iliyomo mle ni tamu tayari, na hakuna chujio litakaloitoa sukari iliyokwisha kuyeyuka.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni ya kiutawala: sukari itoke jikoni, ihamie mezani. Chai ipikwe bila sukari, na kila mtu atie yake mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya macho yake. Itafutie sukari kopo lenye kifuniko kigumu, kinachomlazimisha mtu asimame na kukishindilia kwa vidole viwili. Wavivu watatia mara moja tu. Na kijiko kiwe kidogo, kile cha chai hasa, maana ukifungua makopo ya sukari ya mji mzima huu utakuta ndani yake kijiko cha kulia wali, na hakuna mtu nyumbani anayejua nani alikiweka.

Utakutana na upinzani. Watoto watanuna, mzee atauliza kama mshahara umechelewa. Vumilia. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, maana sukari inayotuumiza ni ile tusiyoiona ikiingia. Mtu akiambiwa achote vijiko vitatu mwenyewe, huanza kusita kwenye cha tatu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi za sukari. Kikijaa mlima, zaidi ya hapo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari huru, yaani ya kuongezwa pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, hizo ni gramu 50, kama vijiko 12. Likaongeza kuwa kushuka chini ya asilimia 5, yaani vijiko 6 hivi, kuna manufaa zaidi. Asali imo kwenye hesabu hiyo. Sukari guru imo. Juisi uliyokamua mwenyewe kwa machungwa ya shambani kwako nayo imo, usijidanganye. Embe zima unalolimenya na kulitafuna halimo, wala sukari ya asili ya kwenye maziwa haimo.

Vijiko 12 vinaonekana vingi mpaka uanze kuvihesabu. Vikombe viwili vya chai asubuhi, kila kimoja vijiko vitatu: hivyo ni 6. Maandazi mawili: kama mama lishe ametia robo kilo ya sukari kwenye kilo ya unga na kupata maandazi 30, kila andazi lina gramu 8 hivi, kwa hiyo mawili ni vijiko 4. Mchana soda moja ya mililita 300, gramu 30 na ushei, vijiko 8 hivi. Umefika 18 na jua bado halijazama. Chai ya jioni inakusubiri, na Jumamosi una harusi.

Usitangaze mapinduzi. Anayesimama mezani na kusema kuanzia kesho hakuna sukari humu ndani huwa anakutwa siku ya nne dukani kwa Mangi, akinunua robo kwa siri. Punguza nusu kijiko, kaa hapo wiki mbili, punguza nusu nyingine. Ulimi unafundishika. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata watu waliopunguza sukari kwa miezi mitatu: kufikia mwezi wa tatu, kitindamlo kilekile walichokuwa wakionjeshwa walikiona kitamu zaidi kuliko walivyokiona wenzao ambao hawakubadili kitu. Sukari ilikuwa ileile, ulimi ndio uliofumbuka. Ukifikia hapo, siku utakayopewa chai ya zamani utashangaa uliinywaje.

Na chai isiyo na sukari nyingi isiwe maji ya moto yenye rangi ya masikitiko. Ipe viungo. Iliki iponde pamoja na maganda yake uitie maji yakiwa bado baridi, ili itoe harufu taratibu. Mchaichai ufunge fundo, usikatekate, utapata shida kuuchuja. Mdalasini uwe wa kijiti. Tangawizi mbichi iparuze na ichemke vizuri kwenye maji kabla maziwa hayajaingia. Ukiitia mbichi ndani ya maziwa yanaweza kukatika, ukabaki na sufuria ya mabonge na lawama. Chai iliyopikwa hivi inajitosheleza, na kijiko kimoja kinaonekana kingi.

Watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa haya. Nenda barazani jioni, Mombasa, Lamu au Zanzibar, utamkuta muuza kahawa na dele lake juu ya makaa na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kahawa ni chungu, haina chembe ya sukari. Utamu uko pembeni, kipande cha kashata au halua, unakimega kidogo, unakiona ukubwa wake, unakimaliza. Hakuna mtu aliyewahi kuambiwa pale barazani kwamba ni mgonjwa kwa sababu kahawa yake haina sukari. Nashangaa utaratibu mzuri namna hii umeishia kwenye kahawa na haukuvuka mtaa mmoja kuingia kwenye chai.

Sasa tuje kwenye sehemu ngumu, ambayo ni kwenda kwa shangazi.

Shangazi hatii sukari kwa ubaya, na ukimwendea kama mtuhumiwa utakuwa umekosa adabu. Kumbuka alikotoka. Waliokuwa watu wazima Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanaijua sukari ya kupangiwa foleni, ikija dukani leo na kupotea mwezi mzima. Kwao kumpa mgeni chai iliyokolea ni kumwambia kwamba humu ndani hatujakaukiwa, na wewe ni mtu wetu. Vijana nao waliuonja uhaba huo kidogo mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika na kilo ikauzwa shilingi 4,000 na zaidi sehemu nyingi. Heshima hiyo ya shangazi usiimwage chini. Ihamishe tu.

Kwanza, piga simu ukiwa njiani, maana chupa ikishajazwa huna la kufanya. Sema: “Shangazi, nakuja, naomba uniwekee maji ya moto pembeni, nitajitengenezea ya rangi.” Ukifika, mazungumzo yatakwenda hivi:

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapa kwenye upepo. Haya maji ya moto ya nini? Unaumwa?”

“Siumwi, shangazi, mzima kabisa. Nataka niendelee hivihivi.”

“Basi tia kijiko kimoja tu, upate ladha.”

“Ladha nitaipata kwenye huo muhogo wako. Naomba uniongeze kipande, na hiyo kachumbari usiibanie.”

Hapo umeshinda, naye ameshinda. Shangazi hana shida na sukari yako, shida yake ni wewe uondoke kwake hujala. Kula muhogo. Kula wa pili. Sifia chumvi yake, ulizia nazi kainunua wapi, omba ufungiwe vipande viwili vya kuondoka navyo. Mgeni anayekataa sukari huku akisafisha sahani hajamuudhi mtu. Anayeudhi ni yule anayekataa kila kitu na kuanza kutoa mhadhara wa kongosho mbele ya wazee.

Kwa soda, kinachoamua ni kasi. Mgeni wa heshima haulizwi atakunywa nini, anaulizwa, “Soda gani?” Una muda mfupi mno wa kujibu, “Maji ya baridi tu, tafadhali, kiu imenishika kweli,” na lazima useme kabla mtoto hajaitwa. Mtoto akishapewa hela na kutumwa dukani, umechelewa. Akirudi na chupa na kizibo kimeng’olewa, omba glasi mbili, mimina nusu kwa nusu, mgawie mtu mzima aliye karibu kwa upendo mkubwa.

Mwezi wa Ramadhani futari isiharibiwe. Tende zibaki, ni tunda zima na tatu zinatosha kufungulia. Kinachohitaji mkono mwepesi ni shira ya kaimati, inyunyizwe badala ya kaimati kuogeleshwa, na juisi ya ukwaju inayopoteza ukali wake wote kwa sababu mtu hakujua kuacha kukoroga.

Shangazi angalau unaweza kuzungumza naye. Kiwanda huwezi, ila unaweza kukisoma. Geuza paketi. Viambato huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilichozidi kikitangulia. Ukikuta sukari ni ya pili baada ya maji, hicho ulichoshika ni maji ya sukari yenye picha ya embe. Angalia pia kama gramu zilizoandikwa ni za chupa nzima au za mililita 100, maana chupa ni ya mililita 500 na hakuna anayekunywa sehemu moja ya tano akaifunga. Sukrosi, glukosi, dekstrosi, fruktosi, zote zihesabu kuwa sukari. Na viwanda vinaweza kupunguza vikibanwa. Afrika Kusini ilianza kutoza kodi vinywaji vyenye sukari tarehe 1 Aprili 2018, kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100, na watengenezaji wakapunguza sukari kwenye chupa zao. Ningependa kuona Dodoma na Nairobi wakibishana juu ya jambo hili kwa nguvu ileile wanayoitumia kubishania bei ya sukari.

Wengine watakuambia utumie vidonge vya utamu bandia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitegemewe kama njia ya kudhibiti uzito, na mimi naona pia vinauacha ulimi palepale, ukidai utamu uleule.

Jambo moja lisiwe na utani hata kidogo. Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari mwilini, usipunguze chakula wala sukari kwa pupa kabla ya kuongea na daktari wako, maana dozi yako imepangwa kwa mlo unaokula sasa, na sukari ya mwili ikishuka mno mtu hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa na anaweza kuzimia. Mtu wa namna hiyo, maadamu hajazimia, anapewa kitu kitamu papo hapo, bila kubishana. Wajulishe wote nyumbani. Lile kopo lenye kifuniko kigumu lina kazi yake siku hiyo.

Ukiwa na nguvu ya kushinda pambano moja tu, chagua la uji wa mtoto. Uingereza iligawa sukari kwa mgao tangu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mpaka Septemba 1953, na mgao ulipoondolewa ulaji wa sukari ukakaribia kuongezeka maradufu. Watafiti waliwalinganisha watu waliotungwa mimba muda mfupi kabla na muda mfupi baada ya tarehe hiyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024: waliopitia tumboni na miaka yao miwili ya mwanzo kwenye mgao walikuwa na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyopungua kwa asilimia 35 hivi, na ya shinikizo la damu kwa asilimia 20 hivi, nao wakati huo walikuwa watu wazima wa makamo na wazee. Miaka miwili ya sukari ya kupimwa, na mwili ulikuwa bado unaikumbuka nusu karne baadaye.

Bibi atakuja na kijiko chake. Atasema uji mchungu haumkuzi mtu, na atakuonyesha wewe mwenyewe kama ushahidi. Usibishane naye. Mwandalie kiti, mpe mtoto ampakate, kisha ponda ndizi mbivu, ile ya maganda yenye madoa meusi, uichanganye kwenye uji wa ulezi ukiwa bado wa moto. Mpe bibi kijiko cha kwanza aonje yeye kabla ya mjukuu, na subiri kimya. Akisema, “Mh, huu umeutia sukari,” mwambie hapana, bibi, ni ndizi, na mwachie bakuli amalize kumlisha.