Beseni la Nyota Tano

Kama na wewe umeoa kwenye ukoo wenye shemeji mmoja aliyefanikiwa, vuta kigoda ukae, tulie wote. Wangu anaitwa Bruseli. Jina la ubatizo analo, lakini tangu alipokwenda Ubelgiji wiki mbili, akarudi na koti la baridi analolivaa hapa Tchomia kwenye joto hili la ziwani, hakuna anayelikumbuka tena. Siku hizi anafanya biashara Kampala. Mwaka huu, shule zilipofungwa, alimpigia dada yake simu: amemlipia siku mbili kwenye hoteli ya nyota tano, aende na watoto, apumzike, amechoka sana.

Mimi sikutajwa. Mimi, inaonekana, sijachoka.

Hoteli yenyewe siitaji jina, maana wale watu walituvumilia kuliko tulivyostahili. Lakini familia lazima uijue, la sivyo utadhani nasimulia uongo. Mke wangu ni Waziri wa Fedha: franga haitoki nyumbani bila saini yake. Binti yetu wa miaka 12 ni Avoka, na tangu aanze kusema hajawahi kutumwa maji bila kuuliza kwa nini isiwe mdogo wake. Huyo mdogo, miaka 7, ni Kapiteni, jina la samaki ambaye wenzetu wa nchi nyingine humwita sangara. Tulimpa kwa sababu anaishi majini na kichwa chake ni kikubwa. Halafu yupo mama mkwe. Mimi humwita Komanda. Akinisikia nasema nilikuwa nautaja ule mji wa njia panda ya Beni na Kisangani. Haamini, lakini hajapata ushahidi.

Komanda hakualikwa. Naomba hilo liandikwe vizuri. Siku ya safari tulishuka ufukweni alfajiri, pirogi ya injini inapakia, na tukamkuta amekwisha kukaa katikati, pale pakavu, amefunga kitenge kipya, begi kubwa la miraba liko miguuni. Nikamwamkia kwa adabu zote, macho chini. Begi likaniamkia kwanza. Ndani yake mlikuwa na kilo 7 za makayabo, samaki wa chumvi waliokauka mpaka wakawa kama mbao, zawadi ya Bruseli.

“Mama, huko hotelini kuna chakula,” nikasema.

“Na wewe nyumbani una chakula,” akanijibu, “lakini nikija na samaki hukatai.”

Nikapanda.

Hapa nitoke kidogo njiani. Ziwa letu hili, Albert, Komanda huliita Ziwa Mobutu mpaka leo. Mzee mwenyewe ndiye aliyelipa jina lake mwaka 1973, na alipoanguka 1997 jina la zamani likarudi, ila hakuna aliyekuja nyumbani kumwarifu mama mkwe wangu. Jambo la pili: ukivuka ziwa hili unaacha saa nzima majini. Sisi wa mashariki ya Kongo tuko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Na simu zetu hapa Tchomia ni waongo: ukikaa karibu na maji zinadaka mnara wa ng’ambo, saa inaruka mbele, ukipanda sokoni inarudi nyuma. Kwa hiyo saa ya simu nilishaacha kuisikiliza zamani. Mimi naamini ya mkononi. Jambo hili liweke mfukoni, litatuua huko mbele.

Tukashuka Ntoroko, tukashika taksi mpaka Karugutu, tukafika Fort Portal, tukapanda basi la Kampala. Uganda magari hupita kushoto. Avoka hakujua. Mara tatu alisimama katikati ya basi akitangaza kwamba dereva anavunja sheria na atatuua, na mara ya tatu abiria wawili wakaanza kusali.

Hotelini tulifika usiku. Mlangoni pana ule mlango wa chuma unaolia mtu akipita na funguo. Ebola ilipotufikia Tchomia, Septemba 2018, tulifundishwa kwamba hakuna kuingia popote kabla ya kunawa na kupimwa joto. Komanda alipoona walinzi wenye glovu na kile kimashine, akavua kitambaa, akatoa paji la uso. Akangoja. Walinzi wakatazamana.

“Na ndoo ya klori iko wapi?” akauliza. “Hoteli kubwa hivi, hamna ndoo?”

Mapokezi nikasema Kiswahili, nikikumbuka kwamba serikali ya Uganda ilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Dada wa mapokezi akanijibu Kiingereza. Nikasogeza Kifaransa. Akatabasamu, akanijibu Kiingereza. Nikamsukuma mbele Avoka, ambaye karo yake ya shule mimi ndiye ninayeilipa, akatoa Kiingereza chake chote kwa mkupuo mmoja: habari za asubuhi, mwalimu. Ilikuwa saa tatu za usiku.

Aliyetuokoa ni Komanda, na hapo ndipo maisha yangu yalipoharibika. Alimgeukia kijana wa kubeba mizigo, akamsemesha Kihema chake cha Kasenyi. Kijana mtu wa Hoima, Mnyoro, na lugha hizo mbili ni watoto wa mama mmoja. Yule kijana nusura apige magoti. Akamwita mama, akamwita bibi, mwisho akampa empaako, lile jina la heshima la Wanyoro na Watooro, akawa Abwoli. Majina hayo ni kumi na mawili tu, na mwaka 2013 UNESCO waliyaingiza kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka. Mimi niliyehitaji kulindwa haraka usiku ule sikuandikwa popote.

Dakika kumi tu, na hoteli nzima ilikuwa ya Abwoli.

Chumba kilikuwa ghorofa ya 6. Kapiteni alipanda na kushuka na asanseri mara nne kabla hatujamkamata. Ndani pana kitanda kimoja kipana kama uwanja, na vitanda viwili vidogo vya watoto. Sasa wewe mwenzangu unaelewa tatizo. Kwetu mwanaume halali chumba kimoja na mama mkwe wake. Hata kupishana mlangoni ni kwa kukohoa kwanza. Waziri akapiga simu mapokezi kuuliza bei ya chumba cha pili. Akanyamaza. Nikamwona anageuza dolari kuwa franga, franga kuwa samaki. Akaweka simu chini taratibu.

“Papa Avoka,” akaniambia, “nimeona beseni la kuogea. Ni refu.”

Nimelala kwenye pirogi, nimelala juu ya magunia ya muhogo, usiku mmoja nimelala chini ya meza ya mtu. Beseni la nyota tano ni baridi kuliko hayo yote. Lina mteremko, kwa hiyo polepole unateleza kuelekea miguuni, na miguuni kuna bomba. Bomba lile lilikuwa linadondosha tone moja kila baada ya muda, hasa pale ninapoanza kusinzia, juu ya kidole gumba cha kulia. Nikahamisha mguu, likafuata. Watoto nao waligundua usiku huohuo utamu wa choo kinachovuta maji chenyewe. Kila nusu saa mlango ulifunguka, taa ikawaka, na sauti ya Avoka: “Papa, geuka.” Mimi nageuka, naangalia vigae. Vigae vya ukuta ule vilikuwa 214, niliacha kuhesabu nilipofika dirishani.

Sasa toa ile saa mfukoni. Karatasi ya chumbani ilisema chai ya asubuhi ni mpaka saa nne. Nikaangalia mkono: saa mbili na nusu. Nikawaambia waoge bila haraka, tuko vakansi. Waziri akapaka mafuta, akafunga kitambaa, akakifungua, akakifunga upya. Tukashuka saa tatu na robo, tumenyooka, watoto wananukia, na kijana wa mlangoni akatuambia kwa huruma kwamba chai imefungwa. Kwa saa ya Kampala ilikuwa saa nne na robo. Nyuma yake niliona mikate ya aina sita inarudishwa jikoni. Kapiteni akaanza kulia kwa sauti ya injini.

Waziri hakunigombeza. Alinitazama mkono, akatazama saa ya ukutani, akanitazama tena mkono. Ndoa yetu ina miaka 14 na mtazamo ule sikuwahi kuuona.

“Mama yuko wapi?” nikauliza, kubadilisha mada.

Komanda hana saa. Yeye huamka giza likianza kupauka, awe Kasenyi, awe Kampala. Alikwisha kushuka zamani na marafiki zake wa Hoima, akala mayai, akala nanasi, akauliza kwa nini hakuna fufu, na kwenye pindo la kitenge alikuwa na mayai manne ya kuchemsha aliyotuwekea. Tulikula kwenye ngazi. Mimi nilipata nusu, sehemu ya nje.

Mchana tukaenda pisini. Mlinzi alikataa kaptula ya Kapiteni, ilikuwa ya shule, imekatwa magotini. Nguo ya kuogelea ilikuwa inauzwa palepale, Waziri akasoma bei, akaamua tukae pembeni tutazame maji. Kapiteni alitazama kidogo, akauliza kwa sauti, “Papa, viboko wa hapa wanakaa upande gani?” Mzungu mmoja akatoka majini. Kisha mtoto akaanguka. Tukamtoa, akaanguka tena. Alianguka mara tano, mara mbili kwa kupiga mbizi kabisa, na Avoka akamwambia mlinzi, kwa mikono na Kiingereza cha habari za asubuhi, kwamba ubao unakataza kuingia, haukatazi kuanguka.

Usiku tulikula mgahawani mara moja tu, kwa heshima. Waziri aliagiza kapiteni. Kikaja kipande kama kiganja, kimelala juu ya majani matatu, na kwa bei yake nyumbani ningenunua samaki mzima na kichwa chake. Komanda akamega, akatafuna, akamwita kijana. “Huyu ni wa ziwa gani?” Wa Victoria, akaambiwa. Akatikisa kichwa kama daktari. “Amekaa kwenye barafu siku tatu. Mpeni pole mpishi.” Akasema atatuletea samaki wa kweli, akatangulia kupanda chumbani.

Hapo ndipo nilipokumbuka makayabo.

Bruseli hakuwahi kutokea. Alikuwa Kigali kwa biashara, tukaambiwa kwa simu. Kilo 7 zikabaki mikononi mwetu. Makayabo hayahitaji friji, ndiyo maana tunayatia chumvi. Lakini Komanda aliona chumbani kile kifriji chenye chupa na chokoleti, akasema friji ya bure haiachwi na vitu vya kijinga. Akatoa vyote, akavipanga juu ya meza kwa mistari kama mchuuzi wa sokoni, akasukumiza samaki ndani mpaka mlango ukafungwa kwa goti. Tuliporudi kutoka kula, harufu ilitupokea kwenye asanseri. Ghorofa ya 4, bado tunapanda.

Na mlangoni kwetu palikuwa na foleni. Vijana wa mizigo, dada wa vyumba, na mpishi mmoja mwenye kofia yake ndefu. Komanda aliketi juu ya kitanda cha nyota tano, anapima samaki kwa mkono, anafunga kwenye mifuko ya nguo chafu ya hoteli, wengine anawakopesha kwa kuandika majina nyuma ya ile karatasi ya saa za chai. Mimi sikuweza kuingia. Mama mkwe yumo. Nikasimama koridoni, nikashika foleni.

Asubuhi ya kuondoka tukaletewa fakture. Kumbe kile kifriji kina akili: chupa ikiondolewa mahali pake, kinaandika kwamba umeinywa. Kiliandika yote. Tulikuwa tumekunywa, kwa mujibu wake, wiski ndogo nne, mvinyo, soda kumi na maji ya Ufaransa, kati ya saa nane na saa nane na dakika tatu mchana. Dada wa mapokezi akampeleka mtu kuhesabu chupa, zikakutwa zote, akafuta. Kikabaki chakula cha mgahawani na kusafisha chumba kwa ajili ya harufu. Waziri akafungua pochi. Akaifunga. Komanda akamsogeza pembeni kwa kiwiko, akafungua fundo la kitenge, akahesabu shilingi moja moja juu ya meza ya marumaru, zote zinanukia ziwa. Zilitosha. Zikazidi, akamnunulia Kapiteni nguo ya kuogelea.

Wewe niambie nitalalamika kwa nani. Niliyelipiwa na shemeji nimeokolewa na mama mkwe, na mgongo wangu hadi leo una umbo la beseni. Komanda ameshasema vakansi ijayo tutakwenda na kilo 20, maana kuna watu bado wana deni naye.

Lakini asubuhi ile ya mwisho tulikula chai. Waziri alituamsha saa kumi usiku kwa saa yangu, tukakaa mbele ya mlango wa mgahawa umefungwa, kwenye viti, kama watu wanaongoja daktari. Tuliporudi Tchomia alipanda juu ya kigoda, akasogeza saa ya ukutani mbele kwa saa moja, na hajairudisha. Nyumbani kwangu sasa chai hufungwa saa nne, saa ya Kampala.