Muulize Fundi: Redio Iliyorudi kutoka Mwezini

*Fundi, shikamoo. Nimeuza viazi vyangu Lukozi, jioni nikaona kwenye simu tangazo la redio "iliyofika mwezini, mali ya kituo cha Wamarekani Tunguu, Zanzibar." Bei laki tisa. Muuzaji yuko Dar, anataka nusu kwa simu asije akampa mteja mwingine. Nitume?*
Kijana wa Soni

Marahaba, mwanangu. Usitume hata mia.

Huyo jamaa si mwongo mjinga, na hapo ndipo penye hatari. Tunguu ni kweli. Wamarekani waliweka kituo huko kwa ajili ya mradi wao wa Mercury wa kupeleka watu angani, na tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wao John Glenn akiwa anaizunguka dunia, alizungumza na watu wa kituo cha Zanzibar. Alipokuwa upande huo akavuta kamba ya mpira iliyokuwa mbele yake kama mtu afanyaye mazoezi. Mapigo ya moyo yakapanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, daktari yuko chini anayasoma. Hayo yametendeka Unguja, ng'ambo tu ya maji ukiwa Pangani.

Sasa piga hesabu. Kituo kilifungwa 1964, baada ya Mapinduzi. Mtu wa kwanza kukanyaga mwezi ni Julai 1969. Redio yako ilipandia wapi? Tena mitambo ya Tunguu ilikuwa ya ardhini: kazi yake kumsikiliza aliyeko juu, siyo kumfuata. Chombo chenyewe cha Glenn kimo makumbusho Marekani, hakikukatwa vipande viuzwe Kariakoo.

Kifaa kilichokwenda angani hutembea na karatasi zake: namba, chombo kilichokibeba, na kila mkono uliokipokea tangu kishuke. Mwombe jamaa picha ya namba, kisha amfungulie mtu wako wa Dar kifuniko. Kama ndani kuna nafasi ya betri za tochi, safari ndefu ya redio hiyo ilikuwa ya kwenda shambani.

*Fundi, mume wangu kanunua televisheni ya duara kama kofia ya mwanaanga. Anasema ilivaliwa. Watoto hawaruhusiwi kuigusa.*
Mama wa Mlalo

Pole, dada. Hiyo inaelekea ni JVC Videosphere ya Japani, ya miaka ya 1970, enzi ambazo dunia nzima ilikuwa na wazimu wa anga. Mwambie shemeji ajaribu kuingiza kichwa. Ni kitu kizuri, wapenda vya kale wanakitafuta, lakini bila king'amuzi itawaonyesha chenga tu.

*Fundi, nina redio ya mbao ya marehemu babu. Dalali wa Mombo anasema nikiiandika "ya NASA" bei itapanda mara kumi, na kwamba ndani mna zebaki nyekundu.*
Mjukuu, Bumbuli

Mjukuu, dalali wako kapika uongo wa aina mbili katika sufuria moja. Hiyo zebaki nyekundu ya mamilioni haipo. Mwaka 2009 kule Saudia watu waligombania cherehani kuukuu za Singer kwa bei za kichaa, kwa uvumi huohuo. Ndani ya redio ya babu mna valvu za kioo, waya na vumbi.

Tangazo liandike hivi: aina yake, mwaka kama unaujua, inaongea au haiongei, na kwamba ilikuwa ya babu yako. Wapo watakaoinunua kwa sababu hiyo ya mwisho tu. Ukiandika NASA, polisi watakuita wewe. Dalali atakuwa ameshapanda basi la Tanga.

Mlioniandikia kuhusu rupia za Mjerumani zilizofukiwa Lushoto ni wengi mno, siwezi kumjibu kila mmoja. Acheni kuchimba mashamba ya watu.